Ndevu za Chuma

Mauwa binti Sumaili aliipata habari ile sokoni, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, tena kutoka kwa mtu asiyekuwa hata Mwislamu. Charlotte wa Uvira, jirani yake auzaye nyanya, alimwambia huku akipanga mafungu yake:

"Yaya, dada yangu, visu vyenu vya Idd vimesharudi kutoka Lilongwe. Papa Djafari anavionyesha batu pale dukani kwake. Vinang'aa kama kioo!"

"Visu gani?"

"Si vile unanoaka kila mwaka?"

Mauwa akaweka kapu chini. Kwa miaka kumi na minne, siku tatu kabla ya Idd ya kuchinja, visu vinne vya msikiti vililetwa mlangoni kwake ndani ya gunia. Safari hii imebaki siku moja na hajaona kisu. Naye alikuwa amekwisha kuloweka kinoo chake tangu juzi, anangoja kama mjinga! Kinoo hicho kilikuwa cha marehemu baba yake, Sumaili, mchinjaji wa Kindu aliyezaa mabinti watupu akaona awafundishe hao hao. Mauwa alikibeba kiunoni kutoka Kindu mpaka ziwani, akavuka nacho Tanzania, akaingia nacho Malawi. Sufuria aliiacha njiani. Kinoo hakukiacha.

"Nipe nyanya moja," akasema. "Ile imeiva mpaka inalegea. Na we kuya, twende, utaona kwa macho yako."

Dukani walimkuta Djafari, mkubwa wa komite ya kuchinja, amekaa kwenye kiti katikati ya wanaume watano. Kisu kirefu kilikuwa mkononi, na kila aliyeingia alisogezewa sikioni huku Djafari akikikwaruza kwa kidole gumba. Krr, krr.

"Munasikia? Hii njo makali! Mashine ya Chilinde kule Lilongwe, cheche zinaruka mpaka barabarani."

Alipomwona Mauwa, akasimama kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyomuudhi zaidi.

"Karibu, Mama Mauwa. Tulisema tusikusumbue tena. Macho nayo inachoka. Batu bakubwa banatakiwa kupumzika. Pumzika, mama."

Pumzika! Nani alimwambia amechoka? Mauwa anazijua mashine za Chilinde. Miaka yake ya kwanza kambini alikuwa akipanda minibasi kwenda kule kunoa mikasi ya mafundi cherehani, na aliziona zikitema cheche na wateja wakipiga makofi. Hakuna aliyefikiri kwamba zile cheche ni chuma cha kisu chake kinachoondoka.

"Nipe nikiangalie," akasema.

Akakiinua kuelekea mlangoni, penye mwanga. Ncha ilikuwa imeungua, imekuwa buluu. Upana umepungua kwa nusu kidole. Na pale kwenye makali, mwanga ulikuwa ukikaa kama uzi mweupe uliokatika-katika. Kisu chenye makali hakionyeshi uzi, maana hakuna mahali pa mwanga kukalia.

"Djafari, hii haiko makali. Hizi ni ndevu. Ukinoa upande mmoja, chuma kinakunjwa kinaota ndevu upande wa pili. Hizo njo zinakukwaruza kidole. Aliyekinoa hakuzinyoa."

Wanaume wakacheka. "Kisu na ndevu! Kama shehe!"

"Cheka tu, mtoto wangu. Papa Djafari, weka hii nyanya juu ya meza. Usiishike. Usikandamize kisu, vuta tu."

Akamrudishia kisu, na Djafari hakuwa na pa kukimbilia. Akavuta. Ngozi ya nyanya ikabonyea, ikajikunja, ikakataa. Akavuta tena, safari hii kwa hasira na kwa nguvu, nyanya ikapasuka na kummwagia mbegu kanzu nzima. Charlotte akajiziba mdomo kwa kitenge.

"Ilikuwa imeiva sana," Djafari akasema. "Na mbuzi haiko nyanya!"

"Kweli. Nyanya haina maumivu."

Mzee Mbaraka, ambaye ndiye angechinja, alikuwa amesimama pembeni muda wote. Akanyoosha mkono, akakitazama kisu mlangoni vile vile alivyofanya Mauwa, akakigeuza mara mbili.

"Papa Djafari, we uko mukubwa wa komite," akasema. "Lakini kesho mi njo nitauliziwa hii shingo. Sichinji na hiki."

Kisha akamgeukia Mauwa na kumpa kisu kwa mikono miwili. Mauwa hakukipokea.

"Mimi siendagi kufuata visu. Vinajua mlango wangu. Aliyevipeleka Chilinde avilete."

Na Djafari alivileta. Alasiri ile ile, gunia begani, akapita katikati ya soko, watu wote wakimtazama ile kanzu yenye mbegu.

Mauwa alikuwa nyuma ya nyumba, mbali na mbuzi, maana mnyama hapaswi kuona kisu chake. Akanoa bila haraka. Maji kidogo, upande huu, upande ule, mkono ukisikiliza. Ndevu zilipoanza kuanguka, alipunguza uzito wa mkono mpaka kisu kikawa kinapita juu ya kinoo kama kinapapasa. Mwisho akakifuta kwenye mshipi wa ngozi. Akamkabidhi Djafari.

Djafari akakikwaruza kwa gumba. Kimya. Akapitisha gumba tena, sasa kwa urefu.

"Mama, umekiharibu! Kimekuwa laini, hakishiki kitu." Akajifuta jasho la paji la uso.

Charlotte, aliyekuwa amesimama uani, akashtuka. "Papa Djafari, uso wako una damu!"

Djafari akatazama gumba lake. Lilikuwa limefunguka kwa mstari mwembamba, wala hakuwa amesikia chochote.

"Pumzika, papa," Mauwa akamwambia, akachukua kisu cha pili.

Kesho yake Mbaraka alichinja kwa mvuto mmoja, na mbuzi hakulia. Komite ikamtumia Mauwa ini zima, likiwa juu ya sahani nzuri. Alilipika, akalila, lilikuwa tamu. Lakini hasira haikumtoka. Miaka kumi na minne ya shingo zilizokatwa vizuri, na siku ya neno lake kuaminiwa ilibidi nyanya itoe ushahidi! Aliporudisha sahani aliiweka mbele ya Djafari mwenyewe, akatazama kile kidole kilichofungwa kitambaa.

"Mwaka kesho," akasema, "siku tatu kabla. Na ile nusu kidole ya chuma mliyoiacha Chilinde, mkaiulizie."