Mafiga Sebuleni

Baba alikuwa akiwauzia watalii mjini michoro ya nyumba yetu ya Mutuini, na mpaka leo hasira haijaniisha. Mama alifuma vitambaa vya viti kwa mkono wake, akivifua na kuvitia wanga kila Jumamosi. Siku moja mimi na Mama tukauona mchoro wa sebule yetu kwenye dirisha la duka. Kuta zilikuwa zetu, lakini viti, vitambaa na redio hakuna. Badala yake mafiga, moshi na vibuyu.

“Wazungu hawanunui vitambaa,” Baba akatujibu nyumbani, bila haya.

Kesho yake Baba alikuta viti vimetupwa uani, na katikati ya sebule moto wa mafiga ukifuka moshi.

“Sasa nyumba imefanana na mchoro wako, Mzee,” Mama akamwambia. “Keti, ule moshi.”