Kahawa Baada ya Paa

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi pale Ibra, huku kwetu Omani, mwanangu. Mama mmoja wa Sur alisimama katikati ya ukumbi wetu wa harusi, akajipepea kwa ncha ya mtandio wake, akaniambia kwa upole uliouma kuliko matusi, "Binti yangu, hapa tuko watu wachache na jasho linatutoka. Siku ukumbi ukijaa itakuwaje?"

Alikuja kutazama mahali pa kumwozea mwanawe. Nyinyi leo mnaukuta ukumbi una jina, mnadhani ulizaliwa nalo. Wakati ule ulikuwa mpya, Baba keshaujenga, na mimi, msichana niliyetoka chuo juzi, ndiye niliyepewa kuusimamia. Nusu ya ukoo walicheka. Baba mwenyewe aliniambia wazi kwamba harusi ile ikitutoka, ukumbi ataugeuza ghala la samani, nami nirudi nyumbani nikae. Basi ujue nilikuwa napigania nini. Yule mama nilimwomba arudi baada ya wiki mbili, na kwa hisani yake akakubali.

Tatizo letu lilikuwa moja. Viyoyozi vilikuwa vizima asubuhi, vizima magharibi, lakini jua likisimama vinazimika kimoja baada ya kimoja. Kila vikizimika tulimwita Ami Khalfan, binamu yake Baba. Kwa nini yeye? Kwa sababu alikuwa mtu wetu, mzaliwa wa Unguja kama Baba, na sisi tuliorudi Omani tulikuwa hatumwiti fundi, tulikuwa tunamwita jamaa. Na jamaa akiingia hatumtumi. Tunamkalisha kwanza. Inakuja halua, inakuja kahawa, yanakuja mazungumzo ya Malindi na Vuga kule Unguja, na nani kamwoa nani. Ami Khalfan alikuwa msimulizi hodari, mimi mwenyewe nilikuwa naacha kazi kumsikiliza. Akitosheka anatikisa kikombe, ishara kwamba hataki tena, anapanda juu kidogo, anaosha filta, anazimwagia mashine maji, zinawaka. Kesho kutwa zinazimika tena.

Siku aliyokuja baada ya yule mama wa Sur, nilitoka jikoni na dele la kahawa kama ilivyo ada. Bibi yangu, mamake Baba, alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Akaninyooshea kidole. "Rejesha hilo dele jikoni."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Kumnyima mgeni kahawa kwetu ni jambo kubwa, na mbele ya Baba! Lakini Bibi hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili, wala wa kuambia mara mbili. Akamgeukia Ami Khalfan. "Mgeni siku mbili, mwanangu, ya tatu mpe jembe. Jembe lako liko juu ya paa. Shuka na habari, kahawa utaikuta."

Ami alicheka, akapanda. Aliposhuka alisema mashine zimechoka, basi. Baba akaguna. Bibi akaniambia kwa sauti ya chini nimtafute mtu mwingine, na yeyote atakayekuja nisimtilie kahawa mpaka arudi kutoka juu.

Nikatafuta. Wa kwanza alinipa bei kwa simu hata mlango wetu haujui. Nikamshukuru, nikakata. Wa pili alikuja na gari jipya na maneno mengi, akatazama dari la ukumbi, akasema tubadilishe mashine zote. Nilimuuliza kama hatapanda juu kuziona. Akasema hakuna haja, yeye ni mzoefu. Mwanangu, daktari anayekukata mguu kabla hujavua kiatu, mkimbie kwa huo mguu ulionao.

Wa tatu alikuwa mhandisi Rashidi, mwenye karakana yake Firq, upande wa Nizwa. Wazee wake walitoka Bujumbura, na Baba alinong'ona kwamba hao ni watu wa Bara, hatuwajui. Rashidi alimwamkia Bibi shikamoo kwa heshima zote, na nilipomkaribisha akae, kwa mazoea yaliyonishinda, akasema, "Kahawa ntakunywa, dada, ila kwanza nipe ufunguo wa paa. Nikikaa hapa kwenye mto huu laini ntaona uvivu."

Bibi akanitazama. Nilimjua alivyo akifurahi.

Rashidi alikaa juu muda mrefu, na jua lile. Aliposhuka, mikono ya shati imejaa vumbi, hakuuliza habari za mashine. Aliuliza nani aliyejenga ukuta.

Hapo inabidi nikueleze ukuta. Baba alichukia kuona mashine za nje, zile zinazotoa joto, zimekaa juu ya paa mbele za watu. Akazijengea ukuta mrefu pande zote, wenye meno kama wa husuni, zile ngome za kale. Kila mgeni alisifu. Baba akipita barabarani alikuwa anapunguza mwendo wa gari autazame.

"Mimi," Baba akajibu, na kifua mbele.

"Basi baba, mashine zako nzima," Rashidi akasema. "Ukuta ndio mgonjwa. Zinatema joto, joto halina pa kwenda, zinalivuta tena lile lile. Mchana zinashindwa, zinajizima zisiungue."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulianza na ukuta. Baba akamgeukia Ami Khalfan, ambaye siku hiyo naye alikuwa amekuja, akamuuliza kama yeye miezi yote ile hakuliona hilo.

Ami aliinamisha kichwa. "Nililiona tangu siku ya kwanza. Lakini ndugu yangu, nitakwambiaje uvunje ukuta wako, na kikombe chako kiko mkononi mwangu?"

Sijaisahau sura yake. Hakuwa mwizi wala mjinga. Alikuwa ametupenda, na sisi tukamtilia kahawa mpaka tukamfunga mdomo. Nikadhani Baba atakasirika. Kisha akavua kilemba chake, akakiweka juu ya kiti, akamwambia Khalfan, "Haya. Nyundo iko wapi?"

Walipanda wote wawili, wazee wazima, wakauangusha ukuta upande wa kaskazini na wa kusini. Rashidi akaosha mashine vumbi lote lililoganda, akakaza nyaya zilizolegea, akapima gesi. Yule mama wa Sur aliporudi alisimama palepale katikati ya ukumbi, saa ya jua kali, akajifunika mtandio mabegani.

Harusi ikawa yetu. Alasiri ile walikuja kinamama kutoka Sur, Nizwa na Maskat, ukumbi hauna pa kuweka mguu, vigelegele vinagonga dari, na wanja wa bibi harusi haukuteremka hata kidogo mpaka anaondoka. Nilisimama mlangoni nikalia kwa furaha. Watu walidhani namlilia bibi harusi.

Rashidi tumekuwa naye mpaka leo. Anakuja kila mwaka kabla ya joto, si baada, na anakuja tena kabla ya baridi, maana watu wa Jabali, kule milimani kwenye baridi, wakitujia wanataka mashine zile zile ziwape joto. Ijumaa nikimpigia anapokea. Akibadilisha kitu ananionyesha kile kibovu. Ami Khalfan naye aliendelea kuja, lakini kama ami, kwa kahawa na hadithi, na wallahi tulimfaidi zaidi.

Basi mwanangu, unayetaka kufungua duka lako Nizwa, sikiliza. Ndugu mpende, mkalishe, mlishe. Kazi mpe mwenye kupanda kabla ya kukaa, anayeuliza kabla ya kujibu, na asiyeogopa kukwambia kibaya chako ulichokijenga kwa mkono wako. Usingoje kiharibike ndio uite mtu. Naye akishuka na habari chungu, usinune. Mtilie kahawa, na kikombe ukijaze wewe mwenyewe.

Mungu akubarikie duka lako, akupe wateja wema, na asikunyime mtu wa kukwambia kweli. Akikuletea, nawe akujaalie moyo wa Baba siku ile, wa kuvua kilemba na kuuliza nyundo iko wapi.