Agata Alivyotembezwa Ufaransa

Revokatus alipozikwa, mke wake Agata hakulia. Sisi majirani tulilia, dada zake Revokatus waliotoka Bugarama walilia mpaka sauti zikakauka, na hata mwenye mashine ya kukamua mawese, mtu asiyecheka wala kununa, alijifuta macho kwa kofia yake. Agata alikaa kwenye mkeka, akapokea mikono ya watu, akasema "murakoze", asante, kwa kila mmoja, akauliza kama wageni wamekula. Kilio kilipokwisha, akarudi sokoni na madumu yake ya mafuta.

Watu wakasema yule mwanamke ana moyo wa jiwe. Mimi sikusema hivyo. Meza yangu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, iko kando ya meza yake, na nilikuwa namwona anavyopima. Alimimina mafuta mpaka chupa ikafurika, yakamchuruzika mkononi hadi kwenye kiwiko, na yeye anatazama tu, mpaka mteja amwambie, "Mama, imejaa."

Agata alizaliwa Mishamo, Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Burundi. Huko ndiko alikosoma, kwa Kiswahili. Huko ndiko alikoolewa, na ndiko alikomzaa Irakoze, mtoto wake pekee aliyeishi. Waliporudi Burundi walipata kiwanja hapa Rumonge, kwenye barabara ya kwenda Gatete. Irakoze alikishika Kifaransa upesi shuleni, wazazi wake wakabaki nje ya lugha hiyo. Alisomea uuguzi Bujumbura, akapata njia ya kwenda Ufaransa, na sasa kazi yake ni kutunza wazee katika nyumba ya wazee, kwenye kijiji kilicho mbali na Paris, katikati ya mashamba na ng'ombe.

Baba yake alipofariki, Irakoze hakuweza kuja. Karatasi zake za kukaa kule zilikuwa zinabadilishwa, na kama angetoka asingeruhusiwa kurudi. Aliyatazama mazishi kwenye simu iliyoshikwa na binamu yake, na mtandao ukakatika jeneza likiwa bado juu ya kamba. Karatasi zilipokamilika, jambo la kwanza alilofanya ni kumwita mama yake.

"Njoo upumzike, Mama," alimwambia. "Huku kuna njia za kutembea msituni, kuna makanisa ya zamani, kuna kasri za wakubwa wa kale. Utapata hewa."

"Hewa hata hapa iko," Agata alijibu. Lakini akaenda. Nilipomuuliza anajisikiaje juu ya safari, alisema, "Mtoto ameniita."

Haya mengine alinisimulia mwenyewe aliporudi, kidogo kidogo, pale sokoni, kati ya mteja mmoja na mwingine.

Irakoze alikuwa amejipanga. Kila siku asiyokuwa kazini alimpakia mama yake kwenye gari lake dogo, wakaondoka. Kasri ya kwanza ilikuwa juu ya kilima, mawe matupu, yenye minara ya mviringo. Ngazi zake zilipanda zikizunguka, na kila kidato kilikuwa kimelika katikati kwa miguu ya watu waliokufa zamani. Irakoze alitangulia, lakini kila mara aligeuka kuutazama uso wa mama yake.

"Unaona, Mama? Yalijengwa kwa mikono yote haya!"

"Naona."

Wakaonyeshwa jiko ambalo ndani ya meko yake ng'ombe mzima angeweza kusimama. Agata akauliza moshi ulikuwa unapitia wapi. Ndilo swali pekee alilouliza siku hiyo, na Irakoze alilifurahia kupita kiasi. Akamweleza habari ya dohani mara mbili, kisha akampiga picha mbele ya meko. Picha hiyo nimeiona. Agata amevaa koti la mtoto wake, mikono imening'inia, na uso wake ni wa mtu aliyekaa kwenye benchi la hospitali akingoja kuitwa jina.

"Hukufurahi hata kidogo?" nilimuuliza.

"Nilijua kwamba ni pazuri," alisema. "Kujua, nilijua. Ni kama kula ukiwa na mafua."

Baadaye ikaja Jumapili ya misa. Kanisa la kijiji kile lilikuwa na kuta nene kama upana wa kitanda, na ndani kulikuwa na baridi kuliko nje. Misa husomwa mara moja kwa mwezi, kwa sababu padri ni mmoja na parokia ni nyingi. Watu walikuwa wachache, wazee karibu wote, na kila mmoja alikaa peke yake mbali na mwenzake, mpaka Agata akafikiri wamegombana. Halafu padri akatoka sakristia, naye alikuwa Mwafrika. Irakoze alikuwa amelificha jambo hilo makusudi. Akambana mama yake kiwiko, akitabasamu.

Misa ilipokwisha, padri alisimama mlangoni kuwaaga watu. Alipomfikia Agata aliacha Kifaransa.

"Karibu, Mama. Uko mutu wa wapi?"

"Natoka Rumonge, Padri."

"Rumonge!" Akamshika mikono yote miwili. "Mimi ni Cirhuza, mutu wa Walungu, lakini nilifanya staji ya upadri Baraka, ng'ambo ya ziwa lenu pale. Tulikuwa tunaona taa za wavuvi wenu. Ee Mama, iko siku nyingi sijasikia mama mukubwa anaongea Kiswahili!"

Alicheka, na Irakoze akacheka. Agata naye akacheka, maana watu walikuwa wanacheka. Aliniambia alimtazama yule padri, mtu wa ziwa letu, mbali kule penye baridi, akajiambia: hapa sasa nitasikia kitu. Akangoja. Hakikuja.

"Na muzee, alibaki nyumbani?" Padri Cirhuza akauliza.

"Alifariki, Padri."

"Pole sana, Mama. Nitamuombea kwa jina. Aliumwa sana?"

Agata akamtazama mtoto wake. Irakoze alikuwa amewapa mgongo, anasoma majina ya askari waliokufa vitani, yaliyochongwa ukutani. Anayasoma moja moja, kana kwamba kuna ndugu yake.

"Aliumwa," Agata akasema. Wakaagana.

Njiani Irakoze alizungumza juu ya paa la lile kanisa mpaka wakafika nyumbani. Jioni hiyo, akimenya viazi, Agata aligundua jambo. Mtoto huyu, katika simu zote alizopiga, aliuliza nani alikuja mazishini, chakula kilitosha, dada zake baba walilala wapi. Hakuwahi kuuliza baba yake alikufa vipi.

Kasri ya pili ilikuwa kubwa zaidi, yenye bustani na bata. Msichana mwenye skafu shingoni aliwaongoza wageni chumba hadi chumba, na Irakoze akawa anamtafsiria mama yake kwa sauti ya chini. Wakaingia chumba cha kulala cha mwenye kasri wa zamani. Kitanda kilikuwa na mapazia, kimezungushiwa kamba nyekundu ili watu wasikiguse, na kilikuwa kifupi sana.

"Anasema watu wale hawakuwa wafupi," Irakoze alinong'ona. "Anasema walilala nusu wamekaa, wameegemea mito. Waliogopa kulala chali kwa sababu maiti ndiyo hulala chali. Anasema mwenye nyumba alifia hapa hapa, amekaa."

"Baba yako naye alikufa amekaa," Agata akasema.

Hakulipanga. Alilisema kama unavyosema kwamba hata kwetu mvua imenyesha. Msichana wa skafu aliendelea na maelezo yake, kisha akawaongoza wageni kwenda chumba kingine. Wao wawili wakabaki mbele ya kamba.

"Amekaa vipi, Mama?"

"Moyo ulichoka, maji yakamjaa mapafuni. Akijilaza, pumzi inakatika. Kwa hiyo alilala amekaa, tangu mvua zilipoanza. Mito haikutosha. Nikamwekea gunia la maharage mgongoni, likawa linateleza. Mwisho nikawa nakaa mimi mwenyewe, mgongo wangu na mgongo wake."

"Kila siku?"

"Kila siku. Siku ile nilisikia amekuwa mzito. Nikafikiri, afadhali, leo amepata usingizi. Nikakaa vilevile. Sikutaka kumwamsha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka jirani alipoleta uji."

Jirani huyo nilikuwa mimi. Nilisukuma mlango nikawakuta wameegemeana juu ya kitanda, na Agata akaweka kidole mdomoni mwake, kuniashiria nisipige kelele. Niliuweka uji chini. Niliona mkono wa Revokatus ulivyolala, nikaelewa kabla yake.

Msichana wa skafu alirudi kuwaita, maana alitaka kufunga mlango. Irakoze akamwomba radhi, "Pardon, madame," wakatoka. Bustanini walipita kando ya bata. Irakoze hakulia. Aliendesha gari taratibu sana, magari mengine yakawa yanawapita yakipiga honi.

Alipopata tena siku ya mapumziko, alisema watakwenda msituni. Njia za kule huchorwa rangi juu ya miti na mawe: mstari wa njano ukikuambia endelea, msalaba wa njano ukikuambia usipite. Irakoze ndiye aliyemfundisha mama yake alama hizo. Lakini siku hiyo alitembea haraka mbele, kichwa chini, na walipofika kwenye mti wenye msalaba akaupita.

"Irakoze! Hapa wanakataza."

Hakusikia. Agata akamfuata. Njia ikawa nyembamba, ikaingia kwenye matope, ikaishia kwenye waya wa miiba na ng'ombe weupe upande wa pili. Irakoze alisimama akautazama ule waya. Halafu akakaa kwenye nyasi zilizoloa, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni, mdomo wazi.

"Mimi nilikuwa naosha mzee wa watu," alisema alipoweza. "Mliponipigia, Mama, nilikuwa naosha mzee wa watu. Nikaweka simu, nikamaliza kumwosha."

Agata alinieleza sehemu hii bila kubadilisha sauti. Alisema alijua anapaswa kulia naye, na kifua chake kilikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Basi akafanya yanayofanywa na mikono. Akafungua kitenge chake, akamfunika mabega. Akakaa kwenye maji yale yale, nyuma yake, akamwekea mgongo. Irakoze akauegemea. Ng'ombe mmoja akaja kuwatazama.

Baada ya muda Agata akauliza, "Na huyo mzee uliyemwosha, alisemaje?"

"Alilalamika maji ni ya baridi."

"Yalikuwa ya baridi?"

"Hapana. Yanaweza kuchemsha yai, yeye atasema ni ya baridi. Anasema hivyo kila siku."

Hapo Agata akacheka. "Sikujilazimisha," aliniambia. "Kilitoka chenyewe, kikaisha." Wakainuka, wakarudi mpaka kwenye msalaba wa njano, wakaitafuta njia.

Hawakwenda tena kwenye kasri yoyote. Siku zilizobaki walikaa nyumbani, Irakoze akiuliza na Agata akijibu, huku wanapika. Baba alikuwa anakula nini? Alikuwa ananitaja? Alikasirika sikuja? Agata alijibu yote, hata yale ya miguu iliyovimba, hata neno moja kali ambalo Revokatus alilisema juu ya mtoto wake siku ya homa na akalifuta kesho yake. Irakoze alilia tena mara nyingi. Agata alimpa leso.

Kiangazi kilichofuata Irakoze alikuja Rumonge. Tulikwenda watatu makaburini. Nyasi zilikuwa zimepanda mpaka kwenye mikono ya msalaba, na Irakoze akataka kuzifyeka mwenyewe, lakini mkono ulikuwa umesahau panga. Alikata hewa. Mama yake akamtazama kidogo, akalichukua, akainama, akafyeka mpaka udongo ukaonekana. Alipomaliza alisimama pale na panga mkononi. Nilimngojea alie. Nafikiri Irakoze pia alimngojea.

"Bado," Agata akasema, bila mtu kumuuliza.

Irakoze akampokea panga. Jua lilikuwa limeshakuwa kali na sisi hatukuwa tumekula tangu asubuhi, basi tukateremka kwangu, nikawakaangia ndagala.