Bin Adamu, Binti wa Nani

Kazini niliwaambia mimi ni Msabato. Ilikuwa rahisi. Hapa Nakuru ukisema hufanyi kazi Jumamosi, mtu anakumalizia mwenyewe: "Aa, kumbe wewe ni Msabato." Unaitikia kwa kichwa tu, na uongo umekwisha. Ukisema wewe ni Myahudi, vuta kiti, utaeleza mpaka jioni. Myahudi na hiyo sura? Wa kutoka wapi? Na Yesu mlimpeleka wapi? Nilichoka na maswali hayo tangu shule ya msingi, ambako walituita Waisraeli wa viazi. Kule kwetu juu, upande wa Olenguruone, kila mtu analima viazi, lakini ni sisi tu, familia chache, tulioacha kanisa enzi za babu tukaanza kusali kwa Kiebrania cha kubahatisha.

Kazi yangu ni kuonyesha watu makaburi. Yako kwenye kilima nje kidogo ya mji. Mawe yamerundikwa juu ya watu waliozikwa maelfu ya miaka iliyopita, wengine kwa ubavu, magoti yamekunjwa, bakuli la jiwe karibu na kichwa. Ndani ya chumba kuna kabati la kioo lenye mawe yaliyochongwa na watu wa zamani zaidi ya hao, miaka mingi ambayo hata sufuri zake huwa nazisahau. Wote nawaita binadamu wa kale, kama ilivyoandikwa kwenye bango, kisha nasonga mbele.

Nyumbani, kazi hiyo ilileta maneno. Kalenda yetu inahesabu miaka elfu tano mia saba na ushei tangu Adamu, na mimi huku nalipwa mshahara kusema mengine. Mzee mmoja wa kusanyiko letu alisema Mungu aliyaweka mawe hayo ardhini kutujaribu, na mimi ndiye niliyeanguka mtihani. Baba akamjibu kwamba walimu wetu wa zamani hawakuwa waoga hivyo. Wapo waliosema Mungu alijenga dunia nyingine akazivunja kabla ya hii yetu. Wapo waliouliza zile siku za kwanza zilikuwa siku za namna gani, ilhali jua lenyewe liliumbwa siku ya nne. "Nyinyi mnaogopa jiwe," akawaambia.

Haya yote nilielezwa na Mama kwa simu. Akaniambia pia kwamba Baba anakuja kujionea mwenyewe, ili Jumamosi asimame awajibu vizuri. Walikuwa wakisema nimepotea, na yeye alikuwa amekataa. Nikasema sawa, aje. Moyoni niliomba aje siku ambayo hakuna wageni.

Alikuja Jumatano, nikiwa na wanafunzi wa shule moja ya huko Njoro pamoja na mwalimu wao wa historia, kijana mwenye viatu vinavyong'aa. Baba alivaa koti lake la Sabato na kile kikofia alichofumiwa na Mama, kinachokaa utosini kama kifuniko cha kikombe. Akasimama nyuma ya watoto, mikono mgongoni. Nilimwona, na sikumsalimu. Nikajiambia nitamsalimu nikimaliza. Muongo mimi!

Tulipofika kwenye kaburi, mwalimu akataka kuchangamsha watu. "Haya, hawa walikuwa watu, ama nyani waliokaribia kuwa watu?"

Kabla sijafungua mdomo, Baba akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, si hawa walizikana?"

"Eeh, mzee, si unaona."

"Na huyu aliwekewa bakuli lake?"

"Eeh."

"Basi ni watu. Nyani haweki bakuli. Sisi Wayahudi tunasema ben adam, na Kiswahili kinasema binadamu. Ni neno moja, mwana wa Adamu. Wale waliochonga mawe ya kwenye kioo, kama walimtangulia Adamu, hiyo wenye hekima wetu bado wanabishana, na mimi sijui. Lakini huyu hapa alikuwa mtoto wa mtu."

Nilikuwa nimesema neno binadamu kila siku kwa miaka na sikuwahi kulisikia hivyo. Ningemwambia. Lakini mvulana wa nyuma alishaanza kumwiga, na ile lafudhi yetu ya mlimani: "Sisi Wayahudi!" Mwingine akauliza, "Huyu buda ako sawa kweli?" Wakaangua kicheko, na mwalimu akacheka nao mpaka akapangusa macho.

"Na wewe mzee ni bin nani?" akamuuliza. Kisha akanigeukia, akishusha sauti kidogo tu. "Madam, huyu mzee uko naye?"

"Hapana," nikasema. "Ni mzee tu wa hapa karibu. Huwa anakuja kuja."

Masikio ya Baba ni mazima. Aliinama, akaokota kijiwe, akanyoosha mkono juu ya kamba ya uzio, akakiweka juu ya kaburi. Ndivyo tunavyofanya sisi. Hatuweki maua, tunaweka jiwe, kuonyesha kwamba kuna mtu amefika. Lakini pale kwetu kazini jiwe haliondolewi wala haliongezwi, maana watafiti wakija watasoma uongo. Ningengoja waondoke ndipo nikitoe. Aki, nani angekufa? Ila mwalimu alikuwa ananitazama. Nikavuka kamba, nikakiokota kile kijiwe, nikakitupa kwenye nyasi.

"Mzee, haturuhusu," nikamwambia babangu, kwa ile sauti ninayowawekea wageni.

"Samahani, madam," akajibu.

Akaenda kwenye mfereji ulio karibu na vyoo, akanawa mikono kwa kujimwagia maji na kikombe, kama tunavyofanya sisi tukitoka makaburini. Kisha akaondoka. Nilipofunga jioni, askari wa langoni akanipa mfuko wa viazi. "Kuna mzee ameacha hii. Amesema ni ya madam wa makaburi." Nikangoja aseme, "ni babako, sivyo?" Hakusema. Baba hakuwa amemwambia.

Sikumpigia simu, niliona aibu. Ijumaa nikapanda nyumbani, na kutoka Njoro mpaka kwetu nilikuwa napanga maneno ya kumwomba msamaha. Nilifika jua likizama, nyumba imejaa, nikakosa nafasi. Ama niliikwepa, sijui.

Jumamosi baada ya sala tulikuwa sebuleni tunakunywa chai ya thermos, iliyopikwa tangu Ijumaa, maana Sabato hatuwashi moto. Baba akasimama.

"Nimeenda, nimetembezwa pamoja na wanafunzi, na nimeona," akawaambia. "Huyu binti analinda makaburi ya watu wasio na mtu. Hakuna aliyebaki wa kuwajua hata majina. Kumtendea wema maiti, ambaye hatakuja kukushukuru, walimu wetu wanasema huo ndio wema wa kweli. Na anawaheshimu. Hata mimi amenikataza kuongeza jiwe."

Watu wakacheka, kicheko kizuri safari hii. Yule mzee aliyesema nimeanguka mtihani akaniangalia, akaitikia kwa kichwa taratibu. Halafu akamuuliza Baba, "Na wale wanafunzi, walijua wewe ni nani?"

Baba ni mtu ambaye hawezi kukuambia chai yako ni tamu kama haina sukari. Mama amegombana naye miaka kwa sababu hiyo.

"Walijua," akasema. "Mwalimu wao aliuliza, na binti akamwambia mimi ni babake."

Wote wakanigeukia, wakitabasamu. Yale maneno niliyoyapanga tangu Njoro yalikuwa bado yako pale pale, hata moja halikuwa limepotea.

"Ndiyo," nikasema. "Nilimwambia."

Baba akaketi, akasogeza kikombe chake aongezewe chai.