Tairi Nililolikalia

Harufu ya mpira mpya kwa fundi wa matairi hunirudisha sebuleni kwetu, Mbinga, ndani ya tairi ambalo baba aliinunulia pikapu yake. Nilikuwa nimelifanya kiti changu, nikivuta vile vinyweleo vya mpira vinavyoota kwenye tairi lisilowahi kutembea. Asubuhi ile alitaka kulifunga kabla ya kuteremka ziwani kufuata dagaa wa usipa, maana la mbele lilikuwa limebaki kipara. Nililia, nikaling'ang'ania.

“Basi, mama, kaa,” alisema akicheka. “Nitalifunga nikirudi.”

Kwenye kona za kushukia Mbamba Bay, lile la mbele lilipasuka.

Siku zote za matanga sikulikalia tena. Nilikaa sakafuni, ili baba akirudi alikute liko wazi.