Mjapani Aliyeliliwa Bunda

Stanislausi alikuwa mtu wa maneno, na serikali ilimwajiri kwa maneno hayohayo. Gari la sinema likifika kijiji cha ujamaa, yeye ndiye aliyesimama kando ya shuka jeupe, kipaza sauti mkononi, akiwafasiria wananchi mambo ya kwenye picha. Asichokielewa alikitunga. Aliwahi kumpa mbu wa malaria jina na ukoo, watu wakacheka mpaka wakasahau kuchukua dawa.

Mwaka 1974, mtaalamu wa pampu za maji pale Musoma, Mjapani, aliwaazima watu wa gari hilo sinema ya kwao Japani. Ilihusu maisha ya mwandishi wa vitabu, mlevi mwenye huzuni isiyopona, ambaye mwishowe anajiua mtoni. Bwana Wenceslaus, mkuu wa gari, alisoma muhtasari akakuna kichwa. Aliagiza mwandishi asemwe kuwa ameteleza, maana mtu wa kujiua hawezi kufundisha watu kujitegemea.

Sinema ilionyeshwa Bunda, mchana, ndani ya ghala la pamba, madirisha yamezibwa kwa magunia. Mbele kabisa, juu ya robota, alikaa Boke, mama yake Stanislausi. Alikuwa ametoka Butiama kwa lori ili, kwa mara ya kwanza, amwone mwanawe akiwa kazini.

Na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Machage, baba yake Stanislausi, alijinyonga mwanawe akiwa na miaka tisa. Kwa desturi yao aliyejiua haliliwi. Alizikwa siku ileile bila kilio wala matanga, na mti aliojinyongea ukakatwa. Boke hakudondosha chozi. Mtoto aliliona hilo, akaliweka moyoni miaka ishirini: mama hakumpenda baba. Alipokuwa mtu mzima alimtunza mama yake vizuri, nguo na unga havikukosekana, lakini kuzungumza naye kwa moyo mweupe kulimshinda.

Picha zikaenda. Stanislausi alitania pale alipoweza, hasa mwandishi alipomficha mkewe chupa. Kisha mtu yule akavua viatu, akaingia mtoni, asitoke. Ghala zima likamsubiri msemaji. La kusema alikuwa amelikariri tangu asubuhi, lakini aliliacha.

"Hajateleza," alisema. "Amejiua. Alikuwa mtu mzuri, alichoka tu. Ndugu zangu, huyu si wa kwetu, mila yetu haimfungi. Anayetaka kumlilia, amlilie."

Halafu Boke akapiga ukunga, ule wa mke aliyefiwa, na wanawake wa Bunda wakampokea kama wako msibani. Waliokaa karibu walisikia jina alilokuwa akiliita. Halikuwa la Kijapani. Alikuwa akimwita Machage.

Bwana Wenceslaus alizima mashine. Stanislausi akapiga magoti mbele ya mama yake, akamwomba radhi kwa yote aliyomdhania tangu utoto.

"Nililiaga kila siku, mwanangu," Boke alimwambia, akimpangusa uso kwa kanga. "Nililiaga jikoni, nawaambia ni moshi."