Tangi Lililosafishwa Nusu

Asiyemjua Scholastika wa Kitangari hajanywa uraka, ile pombe ya mabibo; amekunywa maji ya mabibo tu. Dumu lake moja lilipelekwa harusini Lukuledi. Mbuzi wa watu akalamba povu lililomwagika, akapanda mnara wa kanisa, akapiga kengele, na watu wakafika misani siku ya Jumatano wamevaa nguo za Pasaka. Anayebisha akamuulize mbuzi.

Mama yake alikuwa anakamua mabibo uchungu ulipomshika. Akaweka mchi chini, akazaa, akamfuta mtoto, kisha akamalizia chungu. Ndivyo Scholastika alivyoingia duniani, na harufu ya mabibo haikumtoka tena. Shule aliiona kwa nje, akipita na maji kichwani. Juu huku kwenye uwanda wa Makonde mchanga unameza mvua kama mlevi asiyelipa, na chemchemi ziko chini kabisa bondeni. Mwanamke alishuka genge, ule mteremko wa kuendea bondeni, alfajiri, akapanda jua likiwa utosini. Njia yenyewe ni kali hivi kwamba kivuli cha mtu kilikuwa kinabaki nyuma kupumzika, kinamfuata nyumbani jioni.

Mimba yake ya kwanza ilitoka kwenye njia hiyo. Aliteleza, akaketi juu ya jiwe, damu ikamwagika, na alipoweza kusimama alijitwisha ndoo akapanda. Ndoo hakuimwaga. Jambo hilo Scholastika, ambaye hunogesha kila kitu, hakulinogesha hata kidogo. Alilisema mara moja tu, kwa jirani yake Salome, akaendelea kuosha vyungu.

Ndiyo maana kijiji kilipochimba tangi la kuvunia mvua, shimo kubwa la saruji lenye sakafu pana juu yake ya kukusanyia maji, na marehemu mumewe Baba Bonifasi akiwa mmoja wa wachimbaji, Scholastika aliapa kwamba kichwa chake hakitapandisha tena maji ya bondeni. Goti lake la kushoto liliapa pamoja naye, na lenyewe ni goti la kushika neno.

Tangi lina sharti moja tu. Kila mwaka, kabla ya mvua za kwanza, kijiji kizima kinaingia ndani siku moja kuchota tope, majani, popo waliokufa na vyura. Ni msaragambo, asiyekwenda anapeleka chakula. Likisafishwa, watu wanakunywa mwaka mzima. Lisiposafishwa, kuna genge.

Na siku ya msaragambo ilipangwa kilabuni kwa Scholastika. Pale palikuwa na gogo moja refu la kukalia na kata moja ya kunywea. Kata ilizunguka, na sheria ilikuwa hii: aliyeishika ndiye anayesema, na anayesema lazima anywe. Ukisema kidogo, unakunywa kidogo. Ukihutubia, unalewa, unaanguka nyuma ya gogo, kata inakwenda kwa mwingine. Kwa sheria hiyo hakuna aliyewahi kuwatawala wenzake zaidi ya robo saa. Hata Bwanali, fundi cherehani mzee, mtu wa swala tano anayekuja pale kupumzisha miguu tu, alikuwa anaipokea kata, anasema lake, kisha anampa wa pembeni amnywee.

Mwaka huu uchaguzi wa vitongoji umeangukia msimu wa mabibo. Vyama vyenyewe vina majina marefu kama safari ya Mtwara, lakini watu wanaviita kwa picha zao: Kobe na Taa. Wa Kobe wanaongozwa na Hamudi, mume wa Salome, aliyenyonya ziwa moja la Scholastika wakati mwanawe Bonifasi ananyonya la pili, maana mama yake aliugua. Wa Taa wanaongozwa na Optatus, mtoto wa mdogo wake Scholastika, yaani kwa kabila hili ni mwanawe kabisa. Kwa hiyo mama huyu hakuwa na pa kulaumu nje. Uchafu wote ulitoka kifuani pake.

Kwanza walikata gogo. Kwa msumeno, mchana kweupe, nusu ya Kobe ikavutwa chini ya mkorosho wa huku, nusu ya Taa kule. Kisha kila upande ukaja na vikombe vyake vya plastiki vyenye picha, kwa sababu mtu hawezi kuweka mdomo alipoweka mpinzani. Hawa ni watu waliokula panya pamoja jandoni. Scholastika aliitundika kata msumarini, akatema mate kando ya mlango.

Siku moja Hamudi alianza kueleza aliyoyasikia redioni. Alisema nchi kubwa za duniani, zile ambazo mtu anapanda ndege asubuhi na jioni bado yumo ndani ya nchi hiyohiyo, zinakwenda kwa vyama viwili tu. Kimoja kinakaa ndani, kingine kinakaa mlangoni kikichungulia. Ni kama wake wenza, kila mmoja anafunua chungu cha mwenzake, na mwishowe bwana anakula vizuri. Optatus, aliyekuwa hajakubaliana na Hamudi tangu mabibo yaanze kuiva, alikubali hilo. Wakachekeana kutoka gogo hadi gogo.

Bwanali, ambaye sasa alikuwa anaketi chini katikati kwa sababu hakupewa gogo, alisema huenda huko kunafaa na hapa hakufai. Chuki ni kama konzi ya chumvi, alisema. Ukiitia kwenye chungu cha harusi, haionekani. Ukiitia kwenye bakuli la mtoto, mtoto anatapika. Nchi kubwa ni chungu cha harusi.

Scholastika alikuwa anasuuza chungu kwa maji ya kombe moja, yaliyobaki.

"Wanachungana, sawa," akasema. "Tope nani anachota?"

Hamudi akacheka, akasema huko wana mashine, Mama.

Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Newala, na siku ya msaragambo ilikuwa haijapangwa. Kila upande uliogopa kutangaza kwanza, usije ukawakusanyia wapinzani watu. Scholastika akafunga kilabu. Alitangaza kwamba hatauza tone mpaka sakafu ya tangi ing'ae kama kichwa cha Bwanali. Wanaume walivumilia kwa uchungu. Inasemekana mmoja wao alikutwa anakamua jani la mhogo, akilibembeleza. Mwishowe walikuja tangini na makoleo, pande zote mbili, na Scholastika akaketi ukingoni amenyoosha goti, akidhani ameshinda.

Optatus akatoa mfuko wa chokaa. Alishuka, akachora mstari mweupe juu ya tope, kutoka ukuta hadi ukuta, katikati ya tangi.

"Huku Taa, kule Kobe," akasema. "Ushindani ndio demokrasia, Mama mkubwa. Watu wataona nusu ipi imetakata, watajua wa kumpa kura."

"Leo umesema," Hamudi akajibu.

Scholastika akawauliza maji yatajuaje mpaka. Walicheka wote, na kicheko hicho ndicho kitu cha mwisho walichofanya pamoja.

Watu wa Kobe walisafisha nusu yao siku hiyohiyo, wakaipiga brashi, wakapiga picha. Tope la mwisho lililowashinda kulipandisha walilisukuma ng'ambo ya chokaa wenzao walipokwenda kula. Watu wa Taa waliporudi wakakuta tope lao limenenepa. Wakasema hawagusi tope la Kobe. Walioliweka waje waliondoe kwanza. Kobe wakasema tope halina kadi ya chama, waoneshwe lipi ni lao. Basi ikawa mikutano. Jioni spika ya huku, jioni spika ya kule, zote ukingoni mwa tangi, na nusu ile ya tope ikahutubiwa mpaka ikaota ukungu. Mlikuwa na chura mmoja mwenye ndevu, alikuwa anageuza kichwa huku na huku, akisikiliza sera, naye hakuridhika na yeyote.

Ikafika asubuhi moja Scholastika akashuka mwenyewe na karai. Salome alikuja nyuma yake, akitazama nyuma kama mwizi. Walichota, wakapandisha, wakachota, mikono ikinuka popo. Goti likagoma. Akaendelea kwa kupiga magoti, kisha kwa kukaa, akisukuma tope kwa mapaja. Ndipo wakaja waheshimiwa. Optatus alisema mama yake ametumwa na Kobe aiaibishe Taa. Hamudi alisema mbona anasafisha nusu ya Taa, bila shaka ni wakala wao, na mke wake apande juu mara moja. Wakabishana kuhusu yeye, naye amekaa mle ndani, tope hadi kiunoni. Kisha kila mmoja akashika kwapa moja, wakamtoa, na hakuna aliyekwenda kulimwaga karai lililokuwa limeshajaa.

Mvua ilinyesha kesho yake, baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa mvua nzuri, ya kupanda mahindi. Maji yalishuka juu ya ile sakafu pana kwa furaha yake yote, yakaingia tangini, yakalikuta tope, yakalibeba na kulizungusha huku na kule bila kuuliza itikadi. Jua lilipotoka tena tangi lilikuwa limejaa uji wa rangi ya kahawia, wenye mapovu, na juu yake linaelea bawa la popo.

Kinyaa alichokiona Scholastika baada ya hapo hakikuwa cha maji. Kobe walikuja na ndoo, wakateka upande wa kwao, wakasema afadhali sisi tulisafisha. Walichuja kwa kitambaa, wakanywa mbele za watu ili waonekane wakinywa. Mwanamume mzima alitoa kitu mdomoni, akakitazama, akakificha mfukoni kwa ajili ya chama. Taa nao wakateka upande wao na kunywa vilevile, ili isije ikasemwa wamekiri. Jioni vyoo vya kitongoji vilikuwa na foleni, na hata katika foleni walisimama mistari miwili.

Bwanali alikuja kuketi karibu na Scholastika ukingoni. Akasema kwamba labda huko kwenye nchi kubwa wana namna yao.

Scholastika aliutazama ule uji. Alikuwa anamfikiria Optatus. Optatus alijua ni mdomo wa nani utakunywa tope lile. Anaujua kwa jina, aliwahi kutafuniwa chakula na mdomo huo, na bado aliliacha. Je, mtu wa nchi kubwa, ambaye ndege inatoka kwake asubuhi isimfikie mwenzake hadi jioni, anayeacha tope upande mmoja wa nchi na hatamwona kamwe yule anayelinywa upande wa pili, huyo atalala usingizi mzito namna gani?

"Ile konzi yako si chumvi, Bwanali," akasema. "Ni kinyesi. Ukikitia kwenye chungu kikubwa hakipungui. Wanaoongezeka ni walaji."

Bwanali akasema astaghafirullahi, lakini hakukataa.

Siku ya kupiga kura Scholastika aliamka kabla ya jogoo, akafunga goti kwa kipande cha kanga, akachukua ndoo, akashuka genge. Hakuwa peke yake. Njiani walikuwamo wanawake wa Kobe na wa Taa, na Salome miongoni mwao, wote wakienda bondeni kimyakimya, kila mmoja akiwa amemwacha mumewe nyumbani anasifu maji ya tangi. Alipolifikia jiwe lake alilipita bila kuketi.

Chemchemi ilikuwa inatoa maji kidogo kidogo, kama mchoyo anayemhesabia mgeni matonge. Foleni ilikuwa ndefu, jua likapinduka, naye alikuwa hajajaza ndoo waliposhuka vijana wawili, wakihema. Pikipiki walikuwa wameziacha juu. Mmoja alivaa fulana ya Kobe, nyeupe pe. Wa pili ya Taa, nyeupe vilevile. Wakamwamkia kwa adabu, shikamoo Bibi, akawaitikia marahaba. Kila mmoja alikuwa ametumwa na mwenyekiti wake amlete mama kituoni kabla hakijafungwa. Kura ni chache, ushindani ni mkali, hata kura moja inaamua. Watambeba mgongoni mpaka kwenye pikipiki, hatakanyaga chini.

Scholastika akawatazama juu mpaka chini, mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu, kama anayekagua mabibo yaliyookotwa jana.

"Mimi nina miguu," akasema. "Ndoo ndiyo haina."

Vijana wakaitazama ndoo. Ilikuwa imejaa sasa, maji yanacheza ukingoni, na chini yake imelowa tope la bondeni, jekundu. Wakazitazama fulana zao. Wa Kobe alisema mwenyekiti hakumtuma maji. Wa Taa alisema angebeba, ila akibeba yeye, yule mwingine atapiga picha aseme Taa inanunua kura kwa maji. Wakaanza kubishana papo hapo, kwa sauti za adabu, nani ana haki ya kutobeba.

Salome akainama, akashika upande mmoja wa ndoo, Scholastika akashika wa pili. Wakaipandisha kichwani, na mama yule akasimama kidogo mpaka maji yatulie.

"Endeleeni, wajukuu," akasema. "Nyie ni wawili, mtachungana."

Akapanda. Goti lilipiga kelele njia nzima. Alipofika juu giza lilikuwa limeingia, kituo kimefungwa na spika zinamsifu aliyeshinda, na yeye hakusimama kusikia ni nani. Aliingia ndani, akaitua ndoo bila kumwaga, akaifunika.